Stenti imekaa vizuri na picha inapendeza, mbona bado wanataka kupima shinikizo?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini daktari anataka kumrudisha baba yako mezani apimwe shinikizo la damu ndani ya mshipa wa moyo, ilhali picha ya siku alipowekewa stenti, yaani kijibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa ubaki wazi, ilionyesha mshipa umefunguka kabisa. Mimi ni muuguzi katika chumba cha kuzibulia mishipa ya moyo, na kazi yangu mara nyingi ni kuikodolea macho skrini ya shinikizo, kwa hiyo nitakujibu kwa yale ninayoyaona pale.

Picha ya eksirei huonyesha umbo la njia tu, haisemi ni damu kiasi gani inaufikia msuli wa moyo. Kwa hilo kuna kipimo cha FFR. Daktari hupitisha waya mwembamba wenye kihisi hadi ng'ambo ya stenti, kisha mgonjwa hupewa adenosini ili mishipa midogo itanuke na damu ipite kwa wingi. Skrini huwa na mistari miwili, mmoja wa shinikizo la aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, na mwingine wa shinikizo la ng'ambo ya stenti. Mwanzoni hutembea pamoja. Dawa ikishika, mgonjwa husema kifua kimekuwa kizito na uso unawaka, na mstari wa pili huanza kushuka. Ukifika 84 wakati wa aota uko 100, FFR ni 84 kugawanya kwa 100, yaani 0.84; kadiri inavyokaribia 1 ndivyo damu inavyopita vizuri.

Namba hiyo ina mengi ya kusema kuhusu siku zijazo. Mwaka 2002 daktari wa moyo Nico Pijls na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 750 waliopimwa mara baada ya stenti: kwa waliovuka 0.95, takriban 5 katika kila 100 walipatwa na tatizo ndani ya miezi 6, na kwa waliokuwa chini ya 0.90, takriban 20. Stenti za leo ni bora kuliko za wakati ule, kwa hiyo usimpimie baba yako kwa hesabu hizo kama zilivyo. Hata hivyo, utafiti wa DEFINE PCI wa mwaka 2019, uliotumia kipimo kinachofanana na hicho kisichohitaji adenosini, ulikuta kwamba karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne, ambao picha zao zilikuwa zimewaridhisha madaktari, bado damu yao haikuwa ikipita ya kutosha, na wengi wao kizuizi kilikuwa sehemu moja fupi.

Niliwahi kushuhudia hali hiyo kwa mzee aliyepimwa 0.83. Daktari aliuvuta waya nyuma taratibu sana. Ndani ya stenti mstari haukutikisika, lakini waya ulipopita ukingo wake wa juu, shinikizo liliruka ghafla. Palikuwa na mbano ambao sote tulikuwa tumeuona pichani tukaudharau. Aliongezewa stenti fupi, kipimo kikapanda hadi 0.93. Kama shinikizo lingepanda kidogo kidogo katika urefu wote wa mshipa, stenti nyingine isingemsaidia, na angeendelea na dawa.

Wapo pia ambao FFR yao ni nzuri na bado kifua kinabana. Hapo hutazamwa mishipa midogo isiyoonekana pichani, kwa kipimo cha IMR, kinachoonyesha ukinzani wa mishipa hiyo kwa damu, ambapo huchomwa maji ya chumvi yenye joto la kawaida la chumba na kupimwa muda yanaotumia kufika kwenye kihisi. Kwa aliyezibuliwa akiwa katika shambulio la moyo, IMR inayozidi 40 humfanya daktari amfuatilie kwa karibu zaidi.

Jambo moja la nyumbani, nalo naliomba sana: baba asinywe chai wala kahawa kuanzia siku moja kabla ya kipimo, hata ile ya rangi ya alfajiri, kwa sababu kafeini huizuia adenosini na kipimo kinaweza kutoka kizuri kuliko hali halisi. Kama ana pumu, mwambieni daktari kabla hajapanda mezani. Dawa zake za kuzuia damu kuganda asiziache mpaka daktari wake aseme.