Niliandika maisha ninayoyataka kwa siku nne mfululizo, na gari halikuwemo

Mdogo wangu uliyeuliza, nimelisoma swali lako mara mbili. Una miaka 26, unafanya kazi stationari pale Mwenge, kila Januari unaandika malengo kumi, na ikifika Machi hukumbuki hata daftari uliliweka wapi. Rafiki yako kakwambia utabaki hapohapo, kwa sababu eti Chuo Kikuu cha Yale kule Marekani kiliwachunguza wahitimu wake wa 1953 kikakuta asilimia 3 tu ndio walioandika malengo, na baada ya miaka 20 hao asilimia 3 walikuwa na mali kuliko wenzao 97 wote wakiwekwa pamoja. Unauliza kama kuandika kunasaidia kweli, au tatizo ni wewe.

Nianze na hilo la Yale, maana na mimi lilinitesa. Nililisikia kwenye semina ya hamasa Sinza, kiingilio nililipa kwa hela ya nauli ya wiki nzima, na kwa miaka miwili nikawa nalirudia kwa watu kama aya ya kitabu kitakatifu. Utafiti huo haukuwahi kufanyika. Chuo chenyewe kimeutafuta kwenye kumbukumbu zake, haumo. Rafiki yako usimlaumu, kalishwa kama nilivyolishwa mimi. Lakini usikubali kujipima kwa kipimo ambacho hakipo.

Kuandika kunasaidia. Ila kwangu hakukusaidia hata kidogo mpaka nilipoacha kuandika orodha.

Mwaka 2019 nilikuwa muuzaji kwenye duka la vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo, nikiishi Chanika. Anayeijua njia ile hahitaji maelezo. Saa kumi na moja alfajiri niko kituoni, Pugu, Gongo la Mboto, Tazara, foleni. Jioni tena hivyohivyo. Nikifika ni saa tatu usiku, binti yangu, wakati huo ana miaka saba, keshalala kwa bibi yake. Mshahara 220,000. Na kila Desemba naandika: kiwanja, nyumba, gari, biashara yangu, kusafiri nje. Desemba ya tatu nililinganisha kurasa nikaona orodha ni ileile, nimebadilisha mwaka tu pale juu.

Kulikuwa na mama mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, mwalimu wa chuo. Siku hiyo duka limepoa, akanikuta nimeinamia daftari kaunta. Akaomba aone. Akasoma, akanirudishia, akasema, "Mwanangu, hii ni orodha ya kwenda sokoni. Wewe mwenyewe humo humu." Nikaona aibu. Yeye akavuta kigoda akakaa, akanieleza kitu ambacho nakupa na wewe leo.

Alisema kuna mwanasaikolojia Mmarekani, Laura King, alichapisha jaribio lake mwaka 2001. Wanafunzi 81 wa chuo waliandika dakika 20 kwa siku, siku 4 mfululizo. Baadhi waliandika kuhusu jambo lililowaumiza kuliko yote maishani. Baadhi waliandika kuhusu maisha yao ya baadaye, wakiyaona kama vile wamejituma na kila kitu kimewaendea vizuri kadiri inavyowezekana. Wengine waligawana siku kati ya hayo mawili, na wengine wakapewa mada isiyogusa moyo. Walioandika maisha ya baadaye walipata furaha zaidi, na miezi 5 baadaye walikuwa wameugua kidogo kuliko wale wa mada ya kawaida. Walioandika machungu yao nao walinufaika kiafya vilevile, ila wao walilazimika kuyaonja upya.

Kisha mama yule akaongeza la kwake, na hili ndilo lililonifungua. "Usiandike siku ya kukabidhiwa ufunguo wa nyumba. Siku hiyo ni moja tu. Andika Jumanne. Jumanne ya kawaida, miaka mitano kuanzia leo, tangu unapofumbua macho mpaka unapozima taa."

Sasa, dakika 20 za utulivu Dar unazipata wapi? Nyumbani chumba kimoja, redio ya jirani iko kama vile ni yako. Kwenye daladala unasimama na mkono juu. Mimi nilitumia muda wa chakula cha mchana. Nilinunua kaunta buku, nikavuka mpaka bustani ya Mnazi Mmoja, nikakaa kwenye kivuli na mihogo yangu ya kukaanga kwenye gazeti. Wewe Mwenge ufikirie pako mapema, maana usipopata mahali, zoezi linafia hapohapo.

Siku ya kwanza niliandika upuuzi. Nyumba ya vyumba vinne, vigae, geti jeusi. Nilikuwa naichora nyumba ya bosi wangu.

Siku ya pili nikalazimisha ile Jumanne. Nikaandika: "Nimeamka saa kumi na mbili. Kumekucha na mimi bado niko nyumbani." Nikasimama hapo kwa muda mrefu. Miaka minne nilikuwa sijaona jua likichomoza nikiwa kwangu, isipokuwa Jumapili. Nikaendelea: nampikia binti uji, namsuka, namsindikiza hadi barabarani. Nikirudi nakaa kwenye cherehani. Sijui cherehani ilitoka wapi. Nilifundishwa kushona na shangazi yangu Morogoro nikiwa darasa la sita, nikaacha, na kwenye orodha zangu zote hakuna mahali nilipowahi kuitaja. Ilijileta yenyewe kwenye karatasi.

Siku ya tatu nililia palepale bustanini, na watu wanapita. Nilikuwa nimefika jioni ya ile Jumanne, binti anasoma kitabu kwa sauti na mimi natia vifungo. Nikataka kuandika anavyosoma, kalamu ikagoma. Alikuwa darasa la pili, na sikuwa nimewahi kumsikia akisoma. Sikujua kama anasoma kwa kukatakata au kwa mtiririko.

Siku ya nne nilisoma kurasa zote kuanzia mwanzo nikitafuta gari. Gari, ambalo lilikuwa namba tatu kwenye orodha miaka mitatu mfululizo, kwenye Jumanne yangu halikuwemo kabisa. Sikuwa na safari ya kuliendea popote. Nilichokuwa nakitaka ni kutokwenda mbali. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini malengo yale yalikuwa yananikimbia kila Machi: yalikuwa ya watu wengine, nimeyaazima. Mdogo wangu, kabla hujajiita mvivu, hebu yatazame hayo kumi yako ujiulize mangapi ni yako.

Sasa nikwambie kosa langu, ulikwepe. Baada ya zile siku nne nilijisikia vizuri mno. Nikawa kila nikipanda daladala nafumba macho naiona Jumanne yangu, najisikia nimeshafika. Miezi mitatu ikapita sijafanya chochote. Wazee wetu wana jina la hali hii, ndoto za Alinacha. Yule wa Alfu Lela Ulela aliyeweka mtaji wake wote kwenye vyombo vya kioo, akakaa navyo anajiona tajiri, kamuoa binti wa waziri, na ndani ya ndoto akarusha teke, vyombo vyote vikavunjika. Nilikuwa nimekaa mbele ya kapu langu la vioo.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba hili nalo limechunguzwa. Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia Mjerumani, pamoja na mwenzake Thomas Wadden, walichapisha mwaka 1991 kuhusu wanawake 25 waliokuwa kwenye mpango wa kupunguza uzito. Waliotarajia kwa dhati kwamba wataweza, walipungua zaidi. Lakini wale ambao njozi zao zilikuwa tamu sana, wakijiona tayari wembamba bila jasho, walipungua kidogo. Dawa aliyoipendekeza Oettingen katika kazi zake za baadaye ni hii: ukishaandika unachokitaka, hapohapo andika kinachokuzuia, na utafute kile kilicho ndani yako.

Nilidhani changu ni mtaji. Nikaandika "mtaji". Halafu nikaandika hela yangu inakwenda wapi, mwezi kwa mwezi, kwa kupekua jumbe za miamala kwenye simu. Michango ya harusi. Sendofu, kichenpati, harusi yenyewe, kadi ya 50,000, kamati, kundi la kamati, vikao. Kwa mwaka mmoja nilikuwa nimetoa 580,000, na mara mbili nilikopa mikopo ya kausha damu, ile ya riba kali, ili jina langu lisisomwe kwenye orodha ya wanaodaiwa. Hiyo ni bei ya cherehani na chenji inabaki. Kumbe kikwazo kilikuwa hofu yangu ya kuonekana sina.

Naipenda harusi na napenda kuchangia, nisieleweke vibaya. Michango hiyohiyo ndiyo iliyomzika baba yangu kwa heshima. Kwa hiyo sikuandika "sitachanga". Nilifuata namna ya Peter Gollwitzer, mtafiti aliyeandika mwaka 1999 kuhusu kupanga kwa "ikiwa, basi": tukio likitokea, hatua iwe imeshaamuliwa, usianze kubishana na nafsi wakati moyo umelegea. Nikaandika: "Nikiingizwa kwenye kundi la harusi, basi siku hiyohiyo natuma 10,000 na kumpigia muhusika kumwambia nitamshonea sare bila kumtoza ufundi." Simu ya kwanza mikono ilitetemeka. Dada yule alinishukuru mpaka nikashangaa. Sare zile za vitenge ndizo zilizonitangaza Chanika nzima.

Cherehani ya mtumba niliipata Novemba 2019 kupitia mchezo wa kupeana hela wa wanawake kumi. Machi 2020 shule zikafungwa kwa ajili ya korona, Kariakoo ikapoa, mshahara ukakatwa nusu. Nikashona barakoa za kitambaa usiku na mchana. Shule zilipofunguliwa Juni 29 nilikuwa na akiba, na binti alikuwa amenisomea vitabu vitatu. Anasoma kwa mtiririko.

Kazi ya dukani niliiacha mwisho wa 2020, nikalipa kodi ya miezi sita ya fremu ndogo karibu na nyumbani. Mwaka uliofuata shule moja iliniagiza sare 60, ikachukua 40 na kulipa 25. Nilikaa na hasara ile karibu mwaka mzima, na hakuna ukurasa wowote ulioniokoa nayo. Kilichonisaidia ni sheria mpya niliyoandika usiku ule: nusu ya hela kabla ya mkasi kugusa kitambaa.

Namna ninavyopanga sasa nimejifunza kwa kuitazama nchi. Serikali ilikuwa na Dira ya 2025, sasa ina Dira ya 2050, hiyo ni ya miaka 25. Chini yake kuna mpango wa miaka mitano. Chini yake bajeti ya mwaka. Dira bila bajeti ni shairi, na bajeti bila dira ni matumizi tu. Kaunta buku langu liko hivyo. Mbele kabisa ni Jumanne yangu, naiandika upya kila mwaka mwezi Juni, kwa sababu Desemba na Januari ni msimu wa sare, sina hata dakika. Katikati ni mambo matatu ya kufanyia kazi, hayazidi. Nyuma ni wiki hadi wiki, na "ikiwa, basi" zangu. Wewe hulazimiki kuanza Januari. Anza wiki ambayo kazi imepoa.

Jambo moja la tahadhari. Kama umefiwa karibuni, au umeachika, au ukiandika siku ya kwanza na ya pili unaona giza linazidi, acha. Nenda kaongee na mtu unayemwamini, au hospitali. Kalamu si kila kitu.

Na usimwonyeshe mtu zile kurasa nne. Mimi nilimwonyesha mdogo wangu wa nyumbani, akacheka kwa nini sijaandika ghorofa, na nusura nirudi kuiongeza.

Kiwanja bado sijapata. Kimo kwenye Jumanne ya mwaka huu, kidogo, chenye mwembe. Binti ana miaka 13 sasa, wiki iliyopita aliniomba hela ya kaunta buku na hakuniambia la nini. Nimempa.

Tafuta kivuli chako hapo Mwenge, dakika ishirini, siku nne. Ukimaliza ya nne, soma zote kwa pamoja, halafu njoo uniambie ni kitu gani hakikuwemo.