Kama 2001: A Space Odyssey ilikushinda, ijaribu hivi

Mie muvi za angani sikuwa nazipenda kabisa. Nimekulia Kisauni, Mombasa, na muvi nilizozijua ni za kwa vidio pale mtaani, DJ Afro anakuhadithia kila ngumi na kila risasi, hakuna dakika inapita kimya. Sasa nina ami yangu, alikuwa baharia wa meli za mizigo miaka mingi na sa hizi amestaafu yuko Mji wa Kale, kila nikienda kumjulia hali ananiambia mwanangu kaa tuangalie hii, na hii yenyewe ni 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick, ya mwaka 1968. Nikamkatalia. Alafu nikaijaribu peke yangu kwa simu, ndani ya matatu, nikaona manyani, manyani tena, dakika zaidi ya 20 hakuna mtu ametamka neno, nikaizima. Mara ya pili nikalala.

Mara ya tatu ami aliipanga mwenyewe. Tumeshaswali isha, akafunga madirisha ya upande wa barabarani, taa akazima, spika akaunganisha na tivii, simu yangu akaniambia niiache jikoni. Na hakunieleza chochote! Hapo ndio siri ilipo, kwa hivyo we unayempenda mtu na unataka aipende hii muvi, tafadhali nyamaza, usimwambie "ngoja hapa, ngoja hapa".

Jambo jengine la kujua mapema, nakala nzuri zinaanza na skrini nyeusi na muziki tu, karibu dakika 3. Tivii haijaharibika, usiguse rimoti, manake muda huo ndio unaokutuliza, kelele za siku nzima zinakutoka kichwani kabla hujaona picha yoyote.

Kilichonishika mie ni kile kimya. Huko juu hakuna hewa kwa hivyo hakuna sauti, lakini muvi nyingi zinaweka mingurumo ya injini na mabomu, Kubrick yeye ameweka pumzi ya mtu ndani ya suti yake, anavuta, anatoa, anavuta, anatoa, mpaka na wewe unaanza kupumua naye. Ami akaniambia ukiwa zamu ya usiku katikati ya bahari na hakuna upepo, unajisikia hivyo hivyo. Basi nikaacha kutafuta stori nikawa naangalia tu, kama unavyokaa Mama Ngina jioni ukaangalia meli inaingia pole pole bandarini, huiulizi meli mbona hufiki.

Alafu kuna HAL 9000, kompyuta inayoendesha chombo, jicho moja jekundu na sauti laini ya adabu, ni ya muigizaji wa Kanada, Douglas Rain. Wale wanaanga wawili wanajifungia mahali wasisikike waiseme, na ghafla unaona midomo yao inavyochezacheza, hakuna sauti, ndio unafahamu kumbe HAL anawasoma midomo. Nilimshika ami mkono. Hapo hapo muvi yenyewe inapumzika, inuka umimine kahawa, ukirudi jikaze manake pale HAL anapozimwa kidogo kidogo, anasema anaogopa, anaimba kiwimbo cha zamani huku sauti inazama, mie nililia machozi kwa ajili ya mashine wallahi.

Na ukumbuke hawakuwa na kompyuta za kuchora picha kama leo. Ule ukumbi wa duara ambao jamaa anakimbia mpaka juu ni gurudumu la kweli, tani 30, lililojengwa studio Uingereza, linazunguka yeye anabaki chini. Binadamu alikuwa bado hajakanyaga mwezi, hilo lilikuja baadaye, Julai 1969. Sisi wa pwani nayo tusione ni mambo ya mbali, Aprili 1967 muvi ikiwa bado inatengenezwa, Waitalia walirusha setilaiti ya San Marco kutoka jukwaa la baharini pale Ngomeni, Malindi, na 1970 ikarushwa nyengine hapo hapo tarehe 12 Disemba, ikaitwa Uhuru.

Mwisho wake, kile chumba cheupe na yule mzee na yule mtoto kwenye mwanga, usikimbilie kutafuta maana intaneti usiku huo huo. Lala nayo. Arthur C. Clarke aliandika kitabu sambamba na muvi na kinafafanua mengi, ila kisome baadaye, wiki mbili tatu hivi, baada ya kuwa na maana yako mwenyewe. Mie yangu bado sijaiacha.

Ijumaa nimemleta mdogo wangu kwa ami. Simu jikoni, madirisha tumefunga. Skrini ikawa nyeusi, muziki ukaanza, akageuka akaniangalia, nikanyamaza.