Weka wavu chini: huyo ndege usimtambue kwa rangi

Mkuu, huo wavu usiutege. Umesema kuna ndege mdogo mwenye paji la rangi ya machungwa anayekuja kwenye maua ya bustani yako kila asubuhi, kitabuni hayumo, programu ya simu imekupa jina la ndege wa bara jingine, na kuna mtu kakuhakikishia ni wa kufugwa katoroka tunduni, kwa hiyo mnase. Yote hayo yamesimama juu ya rangi peke yake, na hakuna kinachopotosha watu kwenye ndege kama rangi.

Anza na hilo paji. Ndege anayefyonza nekta hutumbukiza uso ndani ya ua, na chavua humganda kwenye manyoya ya juu ya mdomo. Ikichanganyika na nekta inashika kabisa, ukiwa mbali utaapa kazaliwa nayo. Rangi ya manyoya huwa na mpaka unaoeleweka, iko sawa kushoto na kulia, na kesho utaikuta palepale. Chavua ina ungaunga, kingo zake hazieleweki, mara nyingi imepaka hadi kwenye mdomo wenyewe au kidevuni, na akioga inapungua. Mtazame siku tatu mfululizo kabla hujaamini chochote.

Si chavua tu. Mnana dume, yule wa njano kali, msimu wa kuzaliana ukipita aina nyingi hufifia hadi kufanana na jike, na watu humwita shomoro. Mng'ao wa chozi, yule ndege mdogo anayefyonza nekta, unatokana na jinsi unyoya unavyoakisi mwanga. Akiingia kivulini anakuwa mweusi, akigeuka kidogo anawaka kijani. Ndege mwenye mabaka meupe yasiyo na mpangilio huenda ni kunguru au njiwa wa kawaida aliyekosa rangi sehemu hizo.

Wanaoniudhi ni hawa wanaotaja jina dakika ileile picha inapotokea, bila kuuliza mdomo ukoje. Kukosea jina ni jambo dogo. Kumwambia mtu akanase ndege wa porini ni kuua: kama ana makinda, yatabaki kiotani na njaa, na ndege mdogo wa nekta mwenyewe hawezi kukaa saa nyingi bila kula. Nchi nyingi ni kosa la jinai pia. Aliyetoroka tunduni ana dalili zake: ncha za mkia zimesagika kwa kusugua nyaya, na mtu akisogea hashtuki. Pete mguuni peke yake haitoshi, maana watafiti nao huwavisha pete ndege wa porini.

Kanuni ni moja: rangi iandike mwisho. Kabla hujafungua kitabu wala simu, andika ukubwa kwa kumlinganisha na ndege unayemjua, ni mdogo kuliko shomoro au anakaribia njiwa? Kisha mdomo. Pima kwa jicho urefu wake dhidi ya umbali wa kutoka shina la mdomo hadi kisogo. Mwembamba uliopinda na kuzidi urefu huo, fikiria chozi. Mfupi mnene wa pembetatu ni wa kupasua mbegu, na huyo hata akionekana kwenye maua kundi lake ni jingine. Halafu mkia, halafu anachofanya: ananing'inia, anarukaruka chini, au anatulia tawini na kurudi palepale? Hata Merlin, programu ya simu ya kutambua ndege kutoka Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, ukiijaza hatua kwa hatua inakuuliza mahali, tarehe, ukubwa na alichokuwa akifanya. Usiruke maswali hayo ukaipa picha moja yenye ukungu.

Simama jua likiwa mgongoni mwako, piga picha nyingi mfululizo, uchague ya ubavuni inayoonyesha mdomo wote hadi kisogo pamoja na mkia. Hiyo ndiyo ulete, bila kuikata wala kuiongezea rangi, pamoja na hayo maelezo ya ukubwa.