Kabla ya kwitikleimu, soma hati iliyotangulia

Wadogo zangu mnaoanza kuandaa hati chini ya mawakili hapa Florida, rasimu za kwitikleimu (quitclaim, hati ya kuhamisha umiliki wa nyumba au kiwanja) bado zinarudi na makosa yale yale, na kila kosa lina mwenye nyumba atakayeligharimia. Mnajua tayari kwamba hati hii huhamisha haki yoyote aliyonayo mtoaji, bila yeye kuahidi kwamba anayo. Kwa hiyo kazi kubwa iko kabla ya fomu: kujua ana nini hasa. Jibu liko kwenye hati iliyompa yeye umiliki. Itoeni kwenye kumbukumbu za karani wa kaunti na muisome hadi mwisho.

1. Maelezo ya kisheria ya kiwanja. Kwamba anwani ya barabara haitoshi, hilo wengi mmeshalishika. Kinachowaponza ni kunakili kutoka kwenye ukurasa wa mtandaoni wa mthamini wa kodi ya majengo wa kaunti. Pale maelezo hufupishwa yatoshe kwenye kisanduku. Tuseme hati ya zamani inasema: "Kiwanja 7, pamoja na futi 10 za mashariki za Kiwanja 8, Bloku 3, kwa mujibu wa ramani iliyosajiliwa katika Kitabu cha Ramani 41, ukurasa wa 18." Kwa mthamini mnaweza kukuta "Kiwanja 7 Bloku 3" tu. Mkichukua hicho kifupi, zile futi 10 zinabaki kwa mtoaji, na huenda ndipo ilipo njia ya gari au ukuta wa gereji.

Karani hatawashtua. Yeye hutazama saini, mashahidi, nafasi ya mhuri wake na ada. Vikiwa sawa, anasajili. Hati inakaa kimya miaka na miaka. Siku mpokeaji anapotaka kuuza, kampuni ya bima ya umiliki (inayomkinga mnunuzi na kasoro za umiliki) inafuata mnyororo wa hati, yaani hati zote za nyumba hiyo kutoka mmiliki hadi mmiliki, inakuta ukanda ambao haukuwahi kuhamishwa, na mauzo yanasimama. Mtoaji akiwa hai na hana kinyongo, anasaini hati ya marekebisho mbele ya mashahidi na notari (afisa anayethibitisha saini), inasajiliwa, yameisha. Akiwa amefariki, mnatafuta warithi: mmoja yuko Tampa, mwingine Tanga, wa tatu hajulikani aliko. Asipopatikana au akikataa, ni kesi ya kuiomba mahakama iirekebishe hati. Pesa za wakili hapo zinaweza kuzidi thamani ya huo ukanda, na familia iliyodhani ina nyumba inaanza kugombana.

Viwanja vinavyoelezwa kwa urefu wa kila mpaka na nyuzi za dira ni hatari zaidi. Herufi ya mashariki ikigeuka ya magharibi, mstari unakwenda upande wa pili na umbo halifungi. Kaeni wawili, mmoja ashike hati ya zamani, mwingine mpya, msomeane kwa sauti hadi nukta ya mwisho. Inachukua dakika chache. Tafadhali fanyeni hivyo kila mara.

2. Majina. Hapa sisi wa majina matatu tunapata shida ya pekee. Mtu alinunua nyumba kama Juma Ali Hassan, akapata uraia, na sasa leseni yake inasema Juma Hassan. Mwandikeni kwa jina la hati ya zamani, kisha "anayejulikana pia kama" na jina la sasa, vinginevyo mnyororo unakatika. Wapokeaji wakiwa ndugu wawili na hati isitaje haki ya anayebaki hai kurithi, kila mmoja ana fungu lake, na akifa linakwenda kwa warithi wake.

3. Mke au mume. Nyumba ikiwa ndiyo makazi ya mtoaji, katiba ya Florida inataka mwenzi asaini hata kama jina lake halimo kwenye hati. Kuwa Mombasa hakumwondoi. Anaweza kusaini mbele ya afisa wa ubalozi wa Marekani, dola 50 kwa kila mhuri, lakini asitegemee kupewa mashahidi hapo. Muulizeni wakili pia kuhusu notari wa mtandaoni, anayeruhusiwa Florida tangu 2020.

4. Deni. Kwitikleimu haimtoi mtu kwenye mkopo wa nyumba. Aliyesaini noti, yaani ahadi ya maandishi ya kulipa mkopo, anaendelea kudaiwa, hata baada ya talaka, hadi mkopo ulipwe, ubadilishwe au benki imwachilie. Sheria ya Garn–St Germain ya 1982 inaizuia benki kudai deni lote papo hapo nyumba ya makazi inapohamishiwa mwenzi au mtoto. Kuihamishia kampuni ya mteja hakumo kwenye kinga hiyo. Kodi ya stempu ya hati nayo huwashangaza wengi: mzazi anayedaiwa dola 200,000 akimpa mwanawe nusu ya nyumba bure, nusu ya deni huhesabiwa kama malipo. Kwa senti 70 kila dola 100, ni dola 700. Kaunti ya Miami-Dade ina viwango vyake.

5. Ukurasa wenyewe. Mashahidi wawili, majina yao yakichapwa chini ya saini, na tangu Januari 2024 anwani zao pia. Notari anaweza kuwa shahidi wa pili, ila asaini mara mbili. Jina na anwani ya aliyeandaa. Inchi 3 kwa 3 tupu za mhuri wa karani, juu kulia, ukurasa wa kwanza. Kusajili ni dola 10 ukurasa wa kwanza, 8.50 kila unaofuata.

6. Mzazi anayetaka "kumwandika mtoto" asisaini siku hiyo hiyo; mpelekeni kwa wakili kwanza. Nyumba ya dola 80,000 ambayo sasa ni 400,000 ikitolewa zawadi yote, mtoto anabeba ile 80,000 kama gharama ya kununulia, na akiuza bila kuwa ameishi humo anatozwa kodi ya faida ya 320,000. Akiirithi, hesabu huanza na thamani ya siku ya kifo. Zawadi inayozidi dola 19,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka (kiwango cha 2025) inahitaji fomu 709 ya kodi ya zawadi, na mzazi akiomba Medicaid (msaada wa serikali wa matibabu kwa wenye kipato kidogo) ya kulipia nyumba ya wazee, uhamisho wa miezi 60 iliyopita utachunguzwa. Mwambieni wakili aangalie hati ya Lady Bird: mzazi anabaki na nyumba na uwezo wa kuiuza maisha yake yote, na akifa inakwenda kwa mtoto bila mirathi ya mahakamani.