Sahani ya bibi iliyovunjika

Dadangu, pole. Sahani ya marehemu bibi imevunjika, nawe wataka kidani, huku ukifikiria kuyeyusha bangili yake ya fedha. Vigae usitupe: hapa Lamu masonara huvizungushia fedha vikawa pete na vidani. Mimi nilichagua kipande chenye ua zima la buluu, kadiri ya ukucha wa gumba, nikasugua kingo kwa msasa wa maji hadi zikaacha kukwaruza. Sugua kikiwa kimelowa, na uvae barakoa; vumbi la kaure huharibu mapafu. Moto mwachie sonara: fedha ichomelewe kwanza, kigae kiingie mwisho, la sivyo kitapasuka. Bangili je? Waulize nduguzo kwanza. Hiyo ni mirathi.