Hesabu Kwanza Mistari

Wiki mbili zilizopita nilijibu swali moja dogo kuhusu neno jinsia, nikadhani nimemaliza. Wapi! Simu imejaa ujumbe kutoka Tunduma mpaka Kilolo, nusu wakiuliza, nusu wakinigombeza kwa nini nimeligusa. Walionigombeza nimewasikia. Waliouliza nawajibu leo, maana kuuliza maana ya neno hakujawahi kuwa kosa, nami nimekula mshahara wa kufundisha maneno hadi nikastaafu.

Mwalimu, ofisi ya chama chetu cha msingi cha kahawa ina bendera kuukuu ya rangi za upinde wa mvua, ipo tangu enzi za wazee. Juzi kijana mmoja wa chuo aliiona akacheka, akasema tunatangaza ushoga. Katibu ameishusha na kuikunja ndani ya gunia. Tufanyeje? (Mwanachama, Mbozi)

Itoeni kwenye gunia kabla panya hawajaifikia. Kisha itandazeni mezani mhesabu mistari. Ikiwa saba, na buluu zikawa mbili, moja ya anga na moja iliyokolea, hiyo ni bendera ya ushirika. Wazo la upinde lilitoka kwa Charles Gide, profesa wa uchumi wa Ufaransa, aliyependa jinsi rangi saba zinavyokaa pamoja bila moja kuifuta nyingine. Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika uliipitisha mwaka 1925, na tangu hapo imepepea kwenye sherehe za ushirika nchi nyingi.

Ile anayoisema kijana wenu ilizaliwa San Francisco, Marekani, Juni 1978. Aliyeibuni ni Gilbert Baker, yeye na wenzake wakatia vitambaa rangi kwa mikono. Mwanzoni ilikuwa na mistari minane. Ilipotakiwa kutengenezwa kwa wingi, kitambaa cha pinki iliyokolea hakikupatikana, ukaondoka mmoja. Mwaka 1979 wakaondoa na samawati ya kijani ili mistari igawanyike nusu kwa nusu, ikabaki sita: nyekundu, chungwa, njano, kijani, buluu na zambarau. Tofauti kubwa kati ya bendera ya Mbozi na ya San Francisco, basi, ni buluu moja.

Msimlaumu sana kijana. Hata wakubwa wa ushirika duniani walichoka kuulizwa swali hilohilo, na mwaka 2001 wakabadilisha bendera yao, wakachukua nyeupe yenye nembo. Nanyi mkitaka kuibadilisha, ipelekeni hoja mkutano mkuu, ipigiwe kura. Bendera iliyodumu kuliko wazee wenu isishushwe kwa kicheko cha mtu mmoja.

Nimemnunulia mwanangu wa chekechea begi la mtumba, lina upinde wa mvua na farasi mwenye pembe. Jirani kaniambia nilichome. (Mama wa watoto wawili, Mwanjelwa)

Jirani akupe kwanza hela ya begi lingine. Upinde wa mvua upo kwenye kitabu cha Mwanzo, upo kwenye madaftari ya watoto, na kila masika upo Tukuyu bila kibali cha mtu. Farasi mwenye pembe ndiye wa kumtilia shaka, maana hayupo.

Kamwene mwalimu. Nachanganya jinsi, jinsia, mwelekeo na utambulisho. Na zile herufi LGBTI zinasimama badala ya nini? (Mwanafunzi wa chuo, Iringa)

Kamwene, mwanangu. Jinsi ni mwili, ile ya kwenye fomu ya zahanati: ke au me. Bahati mbaya ni jinsi hiyohiyo ya "jinsi ya kupika kande", ndiyo maana watu huikwepa wakakimbilia jinsia hata pasipofaa. Jinsia ni yale ambayo jamii huyajenga juu ya mwili: nani anakamua ng'ombe, nani anakaa kikaoni, nani haruhusiwi kulia msibani. Mwili wa mwanamke wa leo ni uleule wa bibi yako. Lakini bibi yako angeambiwa kuna binti anaendesha trekta pale Uyole, angetaka kwenda kujionea mwenyewe.

Mwelekeo wa kimapenzi ni moyo unamwendea nani. Utambulisho wa kijinsia ni mtu anajijua kuwa nani. Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya. Mwanamume anayependa wanaume kwa kawaida anajijua kuwa ni mwanamume na hatamani kuwa kingine, kwa hiyo kwake jambo ni mwelekeo. Mtu aliyeandikwa wa kike siku ya kuzaliwa lakini anajijua kuwa ni mwanamume, kwake jambo ni utambulisho. Anampenda nani, hiyo ni habari nyingine kabisa.

Sasa herufi. L ni mwanamke anayependa wanawake. Imetokana na Lesbos, kisiwa cha Ugiriki alikoishi mshairi Sappho zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. G ni gei, mwanamume anayependa wanaume. B ni anayeweza kupenda wa kike na wa kiume. T ni transjenda, huyo wa utambulisho. I ni mtu mwenye jinsi tata, ambaye wengi humwita mwenye jinsia mbili. Utaona herufi tatu za mwanzo ni za mwelekeo, T ni ya utambulisho, I ni ya mwili. Wamepanda Coaster moja kwa kuwa njia imewakutanisha. Ukidhani ni wa ukoo mmoja utawachanganya kila siku.

Na usidhani istilahi hizi zina umri wa Biblia. Neno la Ulaya homoseksuali lilichapwa mara ya kwanza mwaka 1869, na Karl Maria Kertbeny, mwandishi aliyekuwa akiipinga sheria ya Prussia, dola ya Kijerumani ya enzi hizo, iliyowaadhibu wanaume waliopenda wanaume. Watu wenyewe walikuwepo zamani. Jina ndilo lilichelewa.

Nimetoka Tanga, nimeolewa huku Mbeya. Sokoni nilimwita rafiki yangu "shoga!" kwa sauti, watu wote wakageuka. Nimekosea nini?

Hujakosea Kiswahili, dada, umekosea kilomita. Pwani mwanamke humwita mwenzake shoga kama huku tunavyoitana "mwenzangu", na hakuna anayeinua kichwa. Sisi wa nyanda za juu Kiswahili tulikipokea shuleni, kazini na redioni, juu ya Kinyakyusa, Kisafwa na Kihehe. Hilo neno lilitufikia likiwa limebeba maana ya pili tu: mwanamume anayefanya mapenzi na wanaume. Nilipokuwa kijana nilimsikia mama mmoja wa Pangani akiagana na rafikiye stendi, "Haya shoga, nisalimie nyumbani," nikamwonea haya mimi, yeye hana habari.

Mengine ya jamaa hiyo yana makali. Msagaji limetoka kwenye kusaga, na aliyelitunga hakuwa akisifu. Hanithi hasa ni mwanamume asiye na nguvu za kiume, likageuzwa tusi la kumtupia yeyote mwenye sauti nyororo. Ukitaka kusema bila kutukana, "mpenzi wa jinsia moja" linatosha. Ni refu, lakini halikwaruzi.

Nafanya kazi shirika moja Njombe. Wafadhili huandika chini ya majina yao kiwakilishi cha Kiingereza, cha kike au cha kiume. Nami natakiwa? (Afisa miradi)

Wao lugha yao inawabana: kwa kawaida hawasemi "amefika" bila kutaja aliyefika ni wa kike au wa kiume, kwa hiyo wengine hutangaza mapema wasije wakakosewa. Sisi tuna yeye. Amekuja, analima, amelala: tafuta jinsia humo, huioni. Kihehe na Kibena ni hivyohivyo. Mwandikie "Ndugu" na jina lake, umemaliza. Matatizo yetu yako kwa kaka, dada na wifi, ingawa shemeji, Mungu ambariki, anafaa pande zote.

Mwalimu, mjukuu wangu ana siku tisa. Mkunga alinyamaza, hakusema ni wa kike au wa kiume, kwa kuwa maumbile hayaeleweki. Majirani wameanza kusema tumezaa shoga. Naona aibu hata kumtoa nje. (Bibi, Makete)

Shikamoo bibi. Barua yako niliisoma mara mbili, na nimekupigia kabla ya kuiandika hapa. Wengine nao wasome, maana nyumba yenu si ya kwanza.

Mtoto wa siku tisa hana mapenzi na mtu zaidi ya ziwa la mama yake. Alilonalo ni la mwili, ile I niliyomweleza mwanafunzi wa Iringa. Kamusi za Kiswahili zina neno huntha, la Kiarabu, kwa hiyo hata waliotunga kamusi walijua watoto hawa huzaliwa. Sababu ni nyingi. Moja inayojulikana sana ni kasoro ya tezi zilizo juu ya figo: mtoto wa kike, tumbo lake la uzazi likiwa salama ndani, hutengeneza homoni za kiume kupita kiasi akiwa bado tumboni, na nje akaonekana kama mvulana au katikati. Huirithi kwa baba na mama ambao wenyewe ni wazima kabisa. Hakuna aliyelogwa, na hakuna aliyekosea kula kitu.

Mimi ni mwalimu wa lugha, si daktari, lakini hili sikulala mpaka nikuambie: baadhi ya watoto wenye kasoro hiyo hupoteza chumvi mwilini ndani ya wiki chache za mwanzo. Akitapika, akilegea, akikataa kunyonya, msisubiri kukuche. Hata asipokuwa na dalili, apelekwe hospitali ya wilaya apewe rufaa kwenda Mbeya. Watapima damu, wataangalia kwa utrasaundi, na ikiwa ni tezi hizo kuna dawa, atakunywa na kukua. Upasuaji wa kurekebisha umbo, pasipo dharura ya kiafya, hauna haraka. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yanashauri usubiri mpaka mwenye mwili awe na umri wa kusema anataka nini.

Kwa majirani, mwambieni atakayeuliza kuwa mtoto anaendelea na vipimo. Wasioridhika na jibu hilo hawakuja kumwona mtoto.

Nauza mitumba. Kwenye belo nimekuta fulana yenye pembetatu ya pinki, na nyingine yenye duara lililotokezwa na mshale na msalaba. Ni za Freemason? (Kabwe)

Kila alama tusiyoijua mnaipeleka kwa Freemason! Pembetatu ya pinki ilishonwa kwa nguvu kwenye nguo za wanaume waliofungwa kwenye kambi za mateso za Wanazi kwa kosa la kupenda wanaume wenzao, chini ya kifungu cha 175 cha sheria ya Ujerumani. Wanahistoria hukadiria waliopelekwa humo kuwa kati ya 5,000 na 15,000, na wengi hawakutoka hai. Vita viliisha mwaka 1945, kambi zikafunguliwa, lakini kifungu kilibaki, na Ujerumani Magharibi iliendelea kukitumia vilevile hadi 1969. Miaka ya 1970 watu wao wenyewe waliichukua ile alama ya kudhalilishwa wakaivaa kwa hiari. Uza ukitaka, ila ujue umekunja nini mezani.

Duara lenye mshale kwa kiume na duara lenye msalaba kwa kike umeviona kwenye ubao wa baiolojia. Ni alama za kale za sayari za Mars na Venus, na katika miaka ya 1750 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, alizitumia kutofautisha ua dume na ua jike. Zikiunganishwa kwenye duara moja, ni alama ya transjenda. Wana na bendera yao: buluu ya mtoto, pinki, nyeupe katikati, kisha pinki na buluu tena. Aliibuni Monica Helms wa Marekani mwaka 1999, akaipanga hivyo makusudi ili hata ikipandishwa juu chini isikosewe.

Kwenye simu ya binti yangu wa kidato cha tatu nimeona ametafuta "dalili za msagaji". Nimemnyang'anya simu bila kumwambia kwa nini. Je, ni ugonjwa? Nimpeleke kwa mchungaji au polisi? (Baba, Makambako)

Polisi hapana, baba. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ni kikali, kifungo chake kinaweza kufika maisha, lakini kinazungumzia tendo. Kusoma neno kwenye simu si tendo.

Ugonjwa nao hapana. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha yake ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990. Imani yako inaweza kuwa na neno lake, sheria inalo lake, ila daktari hana cha kutibu.

Hujui kwa nini alitafuta. Labda rafiki yake ameitwa hivyo bwenini. Labda yeye ndiye aliyeitwa, kwa kuwa anacheza mpira. Labda anajiuliza mwenyewe. Yote matatu yanahitaji mtu mzima asiyefoka, na sasa hivi anachojua ni kwamba baba amechukua simu na amenuna. Mrudishie. Mngoje jioni mnaposhika vikombe vya chai, useme, "Nimeona ulichotafuta. Kuna mtu amekusema?" Kisha unyamaze, hata chai ikipoa. Mchungaji msikivu unaweza kumpata baadaye, ikiwa binti mwenyewe atamtaka. Nakuomba usianze na kiboko. Nimewaona shuleni waliochapwa kwa swali, hawakuuliza tena, na waliyoyahitaji waliyatafuta kwa watu wabaya zaidi.

Ni kweli mwanamume akitoboa sikio la kulia ni ishara? (Bodaboda, Mafinga)

Ni uvumi wa Marekani wa miaka ya 1980, na hata huko walikuwa wakibishana ni sikio lipi. Nenda stendi ukamuulize Mmasai aliyetoboa yote mawili, uniletee jibu lake.