Muulize Nesi Mstaafu: Kwa nini tunashinda hospitali kutwa nzima?

Kila ikifika Aprili, ripoti ya CAG (mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali) ikishapelekwa bungeni, barua zenu kuhusu hospitali zinaongezeka. Mwezi huu nimeamua ukurasa wote uwe wa foleni, watumishi na pesa, maana vitu hivyo vitatu ukivitenganisha huelewi hata kimoja.

Shikamoo mama. Nilimpeleka mama yangu hospitali ya wilaya, ana miaka 68 na ana presha. Tulifika saa 12 asubuhi, tumetoka saa 10 jioni, na dokta alimwona dakika nne tu. Alafu tukaambiwa tulipie, wakati tunajua wazee ni bure. Kila tukiuliza tunaambiwa subirini. Hivi hayo masaa yote yanaenda wapi? (Dada wa Kahama)

Marahaba mwanangu, na mama mpe pole nyingi sana. Mtu wa presha kukaa kwenye benchi kutwa nzima bila kula vizuri, hilo peke yake linapandisha presha, na mimi linaniuma kwa sababu nimeliona kwa miaka 29.

Foleni mnayoiona pale nje sio moja. Kuna ya mapokezi, kuna ya malipo, kuna ya kupima presha na uzito, kuna ya dokta, kuna ya maabara, kuna ya kurudi tena kwa dokta na majibu, alafu dirisha la dawa. Kuna kipindi nilikuwa naandika kwa penseli pembeni ya kadi muda mgonjwa anapopita kwangu, na kadi moja ya mama mmoja mpaka leo naikumbuka. Kafika saa 12 na dakika 40. Kadi yake imepatikana saa 2 kasoro. Dokta kamwona saa 4 na dakika 10. Maabara wamemtoa damu saa 5 kasoro, majibu yametoka saa 7 na dakika 20, dokta tena saa 8 na dakika 5, dawa saa 9 kamili, na kwenye zile dawa tatu alizoandikiwa moja hamna, akaambiwa kanunue duka la nje. Ukijumlisha dakika alizoguswa na mhudumu yeyote hazifiki 30, zilizobaki zote yuko kwenye benchi.

Sasa kwa nini dokta anaanza saa 4 wakati watu wapo toka alfajiri? Sio kwamba kalala. Asubuhi kuna ripoti ya zamu, wauguzi wa usiku wanakabidhi wagonjwa, baada ya hapo madokta wanapita raundi wodini maana waliolazwa ndo wako hatarini zaidi, na pale ambapo madokta ni wawili watatu tu, huyo huyo anayewasubirisha nyie OPD (wagonjwa wa nje) ndo ataitwa kwenda kumfanyia upasuaji mama ambaye uzazi umegoma. Akitoka tu, foleni yenu inasimama saa nzima na hakuna anayekuja kuwaambia. Hilo la kutokuambiwa mimi sitalitetea hata siku moja, kwa sababu kumwambia mtu "dokta yuko theatre, nendeni mkanywe chai mrudi saa 6" haihitaji bajeti.

Kuhusu kulipa. Sera inasema msamaha ni kwa mzee wa miaka 60 na kuendelea *asiye na uwezo*, na hayo maneno ya mwisho ndo watu wengi hatuyasikii kwenye matangazo. Mama anatakiwa atambuliwe kuanzia kwenye mtaa au kijiji, jina lipelekwe halmashauri, ustawi wa jamii wampe kitambulisho cha matibabu. Akishakuwa nacho anakwenda dirisha la wazee moja kwa moja. Kama siku hiyo hamna kitambulisho wala hela, usiondoke, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii palepale hospitali, wapo kwa kazi hiyo. Ila ujue na upande wa pili: huyo mzee akishatibiwa bure mara nyingi hakuna anayekuja nyuma kuirudishia hospitali ile gharama, kwa hiyo watoto chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee wote wanahudumiwa kwa kile kinachokusanywa kwa wanaolipa na kwenye bima. Ndo maana kwenye dirisha la malipo unakuta mtu ana uso mgumu, sio roho mbaya, amebanwa na mkusanyo.

Mimi nina diploma ya uuguzi toka 2020, mpaka leo najitolea kwenye kituo cha afya napewa nauli tu. Kila siku nasikia viongozi wanasema kuna upungufu wa watumishi. Sasa upungufu uko wapi na sisi tupo mtaani? (Kaka wa Masasi)

Mdogo wangu, swali lako ndo lilitakiwa liulizwe la kwanza.

Kila kituo kina ikama, yaani idadi ya watumishi kinaotakiwa kuwa nao, na vituo vingi ninavyovifahamu havijawahi kuijaza. Lakini mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, hana uwezo wa kukuajiri kwa sababu tu amekuona una mikono mizuri. Mshahara wa serikali unatoka Hazina, na kibali cha ajira kinatoka Utumishi, kwa hiyo hospitali inaomba watu 40, mkoa unaunganisha maombi ya wote, kibali kinakuja cha wachache, wanagawanywa nchi nzima. Ongeza na historia: mwaka 2016 ajira zilisimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa, 2017 ikatangazwa orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi nchi nzima wakatolewa kazini, na sekta ya afya nayo iliguswa. Kughushi cheti ni hatari na mimi sikutaka mtu asiye na taaluma amguse mgonjwa, ila zile nafasi hazikujazwa haraka, na wakati huo vyuo vilikuwa vinaendelea kutoa wahitimu kama wewe kila mwaka.

Alafu likaja jambo zuri ambalo limeleta ugumu wake. Mwaka 2021 tulipata ule mkopo wa UVIKO wa shilingi trilioni 1.3 kutoka IMF, zikajengwa idara za dharura, ICU, zikanunuliwa mashine, na tozo za miamala nazo zikajenga vituo vya afya kwenye tarafa ambazo hazikuwa na kitu. Nashukuru kwa majengo hayo, mimi nimewahi kumpokea mama aliyebebwa kwenye baiskeli kilometa nyingi kwa sababu karibu yake hapakuwa na kituo. Lakini jengo linalipwa mara moja likaisha, nesi unamlipa kila mwezi mpaka anastaafu na baada ya hapo bado kuna pensheni, kwa hiyo pesa ya mradi inaweza kujenga wodi kwa miezi sita na isiweze kabisa kumweka nesi ndani yake. Na watu tumeongezeka pia. Sensa ya 2012 tulikuwa karibu milioni 45, ya 2022 tukawa milioni 61.7. Wale wote wanakuja na mafua, mimba na sukari zao kwenye mabenchi yaleyale.

Ushauri wangu kwako: leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga usiache ikaisha hata kama huna mshahara, dai barua rasmi ya kujitolea yenye tarehe, na umuulize mfawidhi kama kamati ya kituo inaweza kuweka ajira ya mkataba kwa mapato ya ndani, maana vipo vituo vinafanya hivo. Na kukufanyisha zamu za usiku peke yako kwa nauli, hiyo sio sawa, na nasema hivyo nikijua kabisa kwamba bila nyie wa kujitolea kuna wodi zingefungwa.

CAG anasoma, wabunge wanapiga kelele wiki mbili, kimya. Nani hasa anaifuatilia pesa ya hospitali, na mwananchi wa kawaida anaweza kufanya nini? (Msomaji wa Tabora)

Sio kimya chote, ila ni kweli mambo mengi yanafia njiani. Mwaka wa fedha unaisha Juni 30, CAG anakagua, anampa Rais ripoti mwisho wa Machi, ndipo inakwenda bungeni. Maana yake hoja unayoisikia leo ni ya pesa iliyotumika mpaka mwaka mmoja na miezi tisa nyuma, na mfawidhi aliyekuwepo pengine keshahamishwa. Baada ya hapo inategemea hospitali ni ya nani. Zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya ni za halmashauri chini ya TAMISEMI (ofisi inayosimamia serikali za mitaa), kwa hiyo mkurugenzi wa halmashauri ndo anakwenda kujibu mbele ya LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko Wizara ya Afya, hiyo inakwenda PAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali kuu. Watu wengi wanamlaumu waziri wa afya kwa zahanati ambayo wala haiko mkononi mwake.

Ila wewe usingoje Bunge. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 pesa za mfuko wa pamoja wa afya, ule wanaochangia wafadhili, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo chenu badala ya kukaa halmashauri, na anayezipangia ni kamati ya kituo ambayo ndani yake kuna wananchi wa kawaida, majirani zako. Nenda kawatafute kwa majina. Waulize robo hii imeingia shilingi ngapi na imenunua nini. Mapato na matumizi yanatakiwa yabandikwe ubaoni, kama ubao una tangazo la mwaka juzi la chanjo tu, sema. Na kwenye dawa uliza hivi: "Bohari ya Dawa (MSD) walivyokosa, mlienda kwa mshitiri?" Kwa sababu utaratibu upo, MSD wakikosa kituo kinapewa taarifa ya kukosekana alafu kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri wa mkoa, yaani muuzaji binafsi wa dawa aliyeteuliwa na mkoa. Mfawidhi akisikia mwananchi anajua neno mshitiri, majibu yake yanabadilika palepale, nimeliona hilo kwa macho yangu.

Kuhusu kiasi chenyewe cha pesa, viongozi wa Afrika waliahidi kule Abuja mwaka 2001 kwamba asilimia 15 ya bajeti iende afya. Miaka hii ya karibuni hatufiki huko. Hilo nalo diwani na mbunge wako waulizwe kabla ya kura, sio baada.

Dada, niko Leicester Uingereza miaka 11. Ndugu nyumbani wanadhani huku hamna foleni. Goti langu nimesubiri zaidi ya mwaka. Waambie. (Kaka wa Leicester)

Nimewaambia kaka, na goti lipone. Kwa wasiojua, NHS ya Uingereza nayo iko kwenye hali ngumu: mwaka 2023 orodha ya matibabu yanayosubiriwa kule England ilipita milioni 7.7, na kiwango walichojiwekea, kwamba wagonjwa 92 kati ya 100 waanze matibabu ndani ya wiki 18, hawajakifikia toka 2016. Manesi wetu wengi wa Afrika wako huko wanawasaidia kusukuma hiyo foleni.

Lakini kuna kitu kimoja nawaonea wivu. Takwimu hizo kila mtu anazijua kwa sababu kila mwezi zinatolewa hadharani, za kila hospitali, na waziri anabanwa nazo. Sisi tuna MTUHA, mfumo wa vitabu vya taarifa za afya. Nimejaza kitabu cha OPD mpaka vidole vikaota sugu: jina, umri, jinsia, ugonjwa, dawa. Hesabu ya malaria ya mwezi tunaijua mpaka mtoto wa mwisho. Lakini hakuna sehemu ya kuandika mama alifika saa ngapi na akatoka saa ngapi, kwa hiyo masaa kumi ya yule bibi wa Kahama hayako popote kwenye taarifa ya wilaya, hayako mkoani, na mkaguzi hawezi kukagua kitu ambacho hakijaandikwa. Kupitia ukurasa huu naomba jambo moja kwa wizara na TAMISEMI, ongezeni safu mbili za muda kwenye kile kitabu. Sehemu zenye mfumo wa kompyuta ni rahisi zaidi, risiti ya malipo tayari inatoka na muda wake.

Na nyie wasomaji, mpaka hapo watakapoongeza, zitunzeni hizo risiti. Andika nyuma yake kwa kalamu: nimefika saa fulani, dokta saa fulani, dawa saa fulani. Malalamiko ya "tunakaa sana" mfawidhi ameyasikia miaka yote. Risiti kumi za watu kumi wa siku moja zikiwa mezani kwenye kikao cha kamati, hizo anazijibu.

Je, sanduku la maoni pale mlangoni huwa linafunguliwa na nani? (Binti wa Iringa)

Halitakiwi kufunguliwa na mtu mmoja peke yake, na wa kamati ya kituo anatakiwa awepo, alafu maoni yasomwe kwenye kikao na yaandikwe kwenye muhtasari. Sehemu moja niliyowahi kufanya kazi, jina silitaji, ufunguo ulipotea na tulipokuja kulivunja tukakuta karatasi ya mama anayesema mtoto wake alikuwa na degedege pale kwenye benchi na hakuna aliyemwona mpaka alipopiga kelele. Ilikuwa na tarehe ya miezi minane nyuma. Nilikuwa zamu siku hiyo na sikumbuki. Kwa hiyo binti yangu, andika, ila nakala mpe mjumbe wa kamati mkononi, na mgonjwa wako akianza kutetemeka au akishindwa kupumua usiandike chochote wala usisubiri namba, pita moja kwa moja kwenye chumba cha dharura na mwite nesi kwa sauti.

Barua zilizobaki, mbili za bima na ile ya msomaji wa Kigoma kuhusu rufaa, nitazijibu toleo lijalo.